Kwa Nini Mavombo Hushangilia kwa Pumzi Moja

Wakati kijiji chetu cha Mavombo hakijajifunza kunyamaza, mahafali ya darasa la saba yalisikika mpaka ng'ambo ya pili ya bonde, na watu wa huko waliulizana kama ile ni sherehe au ni vita. Msicheke. Waliouliza hawakuwa wajinga. Kila ukoo ulikuja na ngoma yake, madebe yake, filimbi zake na wanawake wake wenye makoo, na mtoto wao akishatajwa ungedhani mlima umebomoka. Mtoto alishangiliwa akiinuka, akashangiliwa akitembea, akashangiliwa akipokea cheti, akashangiliwa akirudi kuketi. Ukoo uliofuata nao haukukubali kushindwa, ukaanza kelele zake kabla za wenzao hazijaisha. Jina la mtoto wa katikati lilizama humo kama punje ya chumvi mtoni. Wala hakuna aliyeona ubaya. Mtoto si ameonekana? Basi, yatosha.

Zamani zaidi ya hapo mambo hayakuwa hivyo. Kabla ya shule kuletwa, watoto wa milima hii walifundishwa msituni, wavulana kwao na wasichana kwao. Siku ya kutoka, mwalimu wao alisimama ukingoni mwa miti akamwita mtoto mmoja mmoja, jina lake na jina la aliyemlea. Aliyemlea alijibu kwa sauti ya kusikika: "Nimempokea." Hapo ndipo mtoto alipotoka. Jina lisipoitikiwa, mtoto alibaki palepale ukingoni, si wa msituni si wa nyumbani, hata kama watu wote wanamwona kwa macho yao. Hakuolewa, hakuoa, hakusafiri. Mtoto ambaye hajatoka angesafiri kwenda wapi?

Shule ilipokuja, wazee waliuchukua utaratibu huo wakautia humo. Miaka michache mwalimu aliita, mlezi akaitikia. Kisha yakaja maturubai ya kukodi, ikaja spika, wakaja wageni rasmi wenye haraka, na kuitikia kukaonekana ushamba. Vigelegele vikachukua nafasi yake. Mpaka inafika zamu yake Nakiete, mjukuu wa Bi Naghenjwa, waliokuwa wanaukumbuka utaratibu ule walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wawili kati yao walikuwa hawatoki tena kitandani.

Bi Naghenjwa alikuwa anakumbuka. Alikuwa mwanamke mkavu, mfupi wa maneno, anayechambua tangawizi kwa vidole vizuri kuliko wengine wanavyochambua kwa macho, maana macho yake yalizimika mwaka mmoja kabla Nakiete hajazaliwa. Mama yake Nakiete, Elinaza, alifariki mtoto akiwa na miezi mitatu. Kwa hiyo bibi alimlea mtoto ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja. Alimjua kwa kisigino cha kushoto, ambacho Nakiete alikiburuza kidogo anapotembea; alimjua kwa pua yake inayopiga mluzi akilala; alimjua kwa jinsi alivyotua ndoo ya maji, polepole, kana kwamba ndoo inaumia. Miaka kumi na minne waliishi hivyo, wawili tu, na bibi alikuwa amechoka uchovu ambao mtu hausemi kwa sababu akiusema atakaa chini asiinuke.

Mwaka huo masista wa shule moja ya ufundi, kule chini tambarare, walikuwa wameahidi kumpokea Nakiete ajifunze ukunga. Sharti lilikuwa moja: afike kabla ya Jumatatu, vinginevyo nafasi anapewa mwingine. Lori la tangawizi lilishuka mara moja kwa wiki, alfajiri ya Jumapili. Mahafali yalikuwa Jumamosi. Bi Naghenjwa alisema sawa. Mtoto atatoka Jumamosi, atasafiri Jumapili. Alisema sawa kwa mdomo, akaendelea kuchambua tangawizi yake.

Nakiete alipaswa kuwa shuleni mapema, kwa hiyo aliyemshusha bibi mlimani siku hiyo ni jirani yao, Mama Mbonea. Huyu alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye kicheko kikubwa na hasira kubwa, na mwanawe Mbonea alikuwa anamaliza darasa moja na Nakiete.

"Shika kanga yangu, Mama," alisema. "Njia ina mawe leo."

"Mawe yalikuwepo na jana. Usinivute bega tu."

"Leo watanisikia, Mama. Wale wote waliosema mwanangu kichwa chake ni gogo, leo watanisikia."

"Watakusikia," alisema Bi Naghenjwa. "Hata waliokufa watakusikia."

Mama Mbonea alicheka mpaka akasimama njiani kujishika mbavu. Walikuwa majirani wazuri, na ni vizuri mlijue hilo mapema, kwa sababu kuna watu huisimulia habari hii kana kwamba mmoja alikuwa shetani. Hapakuwa na shetani.

Uwanjani jua lilikuwa kali. Bi Naghenjwa aliketishwa kwenye benchi la tatu, Mama Mbonea kulia kwake, na nyuma yao wanawake tisa wa ukoo wa Mama Mbonea waliovaa kanga za sare, na ngoma mbili, na debe. Ikasomwa risala, ikajibiwa. Mgeni rasmi akazungumza kuhusu elimu, akazungumza kuhusu barabara, akarudi tena kwenye elimu, akaondoka kuwahi kwingine. Bibi hakusikiliza. Nakiete alimwambia usiku uliotangulia, "Mimi ni namba kumi na tano, Bibi, nyuma tu ya Mbonea." Akawa anahesabu kwa kukunja pindo la kanga yake, pindo moja kwa kila jina alilolipata. Mengine hakuyapata. La sita hakulipata, wala la tisa. Alikisia tu kwa kelele kuwa mtoto mwingine amepita. Mdomoni alikuwa na neno lake moja, amelishika kama mtu anavyoshika yai.

Mwalimu Kiangi, mwalimu mkuu, alikuwa na homa tangu Jumatano na sauti yake ilikuwa imebaki nusu. Spika ilikuwa inapiga miluzi, jenereta inakohoa. Akafika kumi na nne. Bi Naghenjwa alimsikia akisema "Mbo—" na hakusikia kingine.

Kwa sababu Mama Mbonea alikuwa ameinuka. Wale tisa waliinuka. Ngoma zilipigwa, debe likapigwa, filimbi ikapulizwa karibu na sikio la bibi mpaka akahisi mate ya mpulizaji shingoni. Ardhi ilitikisika chini ya benchi. Alijaribu kusikia chini ya kelele ile, kama mtu anayepapasa sindano chini ya mkeka, akajaribu kusikia juu yake, akajaribu kusikia kile kisigino cha kushoto kinachoburuzwa kwenye changarawe. Hakuna. Kelele zilikwenda, zikashuka kidogo, mtu akaanzisha wimbo, zikapanda tena. Zilipokuja kupungua, Mwalimu Kiangi alikuwa anamaliza kumi na saba.

Bi Naghenjwa alingoja. Alifikiri atarudi nyuma. Mtu akiruka ngazi si hurudi? Mwalimu hakurudi. Akamaliza ishirini na mbili, watoto wakaimba wimbo wa kuaga, jenereta ikazimwa, na harufu ya pilau ikawachukua watu wote kwa pua kuelekea nyuma ya madarasa.

Yeye alibaki kwenye benchi.

Nakiete alikuja akikimbia, akapiga magoti mbele yake. "Bibi, shikamoo. Nimemaliza! Twende tukale, wamekuwekea."

"Marahaba. Hujaitwa."

"Nimeitwa, Bibi."

"Sikusikia."

"Nimeitwa, nimepanda, nimepewa mkono. Shika, cheti hiki hapa." Akamwekea karatasi mikononi.

Bibi aliipapasa pande zote mbili, akamrudishia. "Karatasi haisemi," alisema. "Nimekuja kusikia jina na kulijibu. Sikusikia, sikujibu. Wewe hujatoka."

"Bibi, lori ni kesho."

"Najua lori ni lini. Mtoto ambaye hajatoka hasafiri."

Msichana alijaribu kubembeleza, kisha akajaribu kucheka, kisha akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake mpya. Bibi alisikia anavyopumua kwa mdomo, pua ikiwa imeziba. Hakulegea. Mnaweza kumwita mkaidi. Alikuwa mkaidi.

Mwalimu Kiangi aliitwa akaja na sahani yake mkononi, kijiko bado kimesimama kwenye wali.

"Shikamoo, Bibi. Nimeambiwa kuna tatizo."

"Marahaba, mwanangu. Hukumwita mjukuu wangu."

"Nimemwita, Bibi. Namba kumi na tano. Nilimwita kwa sauti yangu yote."

"Ukasikiwa na nani?"

Mwalimu akahamishia sahani mkono wa pili. Alikuwa amechoka. Miguu ilimuuma, homa ilikuwa inampanda, na tangu saa kumi na moja alfajiri alikuwa anabeba viti. "Basi tufanye hivi," akasema. "Nitakuitia hapa hapa, sikioni mwako, uitikie, tukale. Sawa?"

"Jina halinong'onezwi, Mwalimu. Anayenong'onezwa ni mwizi. Mwite mbele ya watu kama watoto wa watu."

"Watu wanakula, Bibi!"

"Nawasikia."

Mwalimu Kiangi hakuwa mtu mbaya, lakini siku ile alitaka kuitupa ile sahani. Alizunguka nyuma ya madarasa akawaambia watu kwamba Bi Naghenjwa anaomba jina la mjukuu wake lisomwe tena. Ilikuwa kama ametia maji kwenye mafuta ya moto.

"Jina gani tena? Pilau inapoa!"

"Mwambieni tutamtumia barua."

"Akitoka huyo ataomba tusome na namba za viatu."

Mzee mmoja alisema, mdomo umejaa, kwamba bibi yule tangu ujana wake hakuwahi kukubali jambo mara ya kwanza, hata kuposwa aliposwa mara tatu. Wakacheka. Lakini Mama Mbonea hakucheka. Alikuwa ameshaelewa ni kelele za nani zilizofuatwa na jina la nani. Alikwenda kwenye benchi kwa hatua ambazo Bi Naghenjwa alizisikia kutoka mbali, na watu wakamfuata, wengine na sahani zao, maana ugomvi nao ni kitoweo.

"Kumbe ni mimi!" alisema Mama Mbonea. "Nimekushika mkono kutoka mlimani, nimekukalisha kivulini, kumbe mimi ndiye mbaya wako!"

"Sijasema wewe."

"Utamsema nani? Nani alipiga kelele hapo kama si mimi? Nisikilize, Mama. Miaka tisa nimesoma shule hii na mwanangu. Tisa! Shule ya miaka saba! Alirudia la nne, akarudia la saba. Kila mwaka nakuja hapa kushangilia watoto wa wenzangu, narudi nyumbani wananiuliza, wako lini? Leo ni siku yangu moja. Moja tu. Nilitaka nipige kelele mpaka sauti ikatike, nife nayo. Na nyinyi mnataka niombe radhi?"

"Sikutaka uombe radhi. Nimesema sikusikia."

"Ulisikia!" Mama Mbonea alimsogelea. "Ulisikia sana. Sema kweli tu kwamba hutaki mtoto aondoke. Nani atakuchotea maji? Nani atakuongoza chooni? Ulimsikia mwalimu, ukanyamaza, ukapata kisingizio!"

"Mama Mbonea! Huyo ni mtu mzima!" alisema mwanamke mmoja.

"Mtu mzima aseme kweli basi!"

Uwanja ukawa kimya. Ni ajabu kwamba ilikuwa mara ya kwanza siku ile uwanja kuwa kimya, na kimya hicho kililetwa na tusi. Bi Naghenjwa alikaa na mikono yake mapajani. Alisikia Nakiete ameacha kupumua. Uchovu wote ule aliokuwa hajausema ulimpanda kifuani kwa pamoja, na akaona hana nguvu za kuuzungukia tena.

"Sikusikia," alisema. "Hilo ni kweli, na aliye juu anajua. Lakini nilipojua kuwa sikusikia, nilifurahi."

Watu walitazamana.

"Nilifurahi," akarudia. "Nilijisemea, basi, hajatoka, hakuna lori litakalombeba. Anayonisema Mama Mbonea yote yamo. Maji yamo. Njia imo. Na usiku umo, nikiamka nisisikie pua yake. Mimi najijua. Nikiondoka kwenye benchi hili bila kusikia lile jina, nitakuwa na sababu ya kumshika mpaka nizikwe, na nitaishika, sitaiachia. Kwa hiyo, Mwalimu, mwite. Mwite mbele ya hawa wote, nisikie vizuri, nisiwe na pa kujificha."

Hakuna aliyetafuna.

Ndipo baba mmoja, mtulivu, fundi wa kujenga, akasema kutoka nyuma, "Hata mimi wa kwangu sikumsikia. Namba tisa. Nilimwona anatembea tu, nikapiga makofi." Na mama mwingine akasema wake alikuwa wa sita, na alijua ameitwa kwa kuwa alimwona anainuka. Mwingine akasema. Kila mmoja alikuwa amekuja kushangilia jina, na kumbe karibu nusu yao hawakulisikia jina lenyewe. Walikuwa wameshangilia kelele.

Mwalimu Kiangi aliweka sahani yake chini, juu ya jiwe, akaifunika kwa daftari. "Nitasoma wote," alisema. "Kuanzia moja. Kaeni."

"Na mimi je?" aliuliza Mama Mbonea, sauti yake imeshuka, lakini hajashindwa. "Nikae kama niko matangani? Mwanangu apite kama maiti?"

"Hapana," alisema Bi Naghenjwa. "Kelele zako ni haki yako. Umezitafuta miaka tisa. Nipeni sisi jina kwanza. Likishaitikiwa, piga kigelegele kwa pumzi moja. Pumzi ikikata, umenyamaza, mwenzako apate zamu."

"Pumzi moja tu?"

"Mungu amekupa mapafu ya ng'ombe. Pumzi yako moja ni za wenzako watatu, unalalamika nini?"

Watu walicheka, na Mama Mbonea, bila kutaka, akacheka nao puani.

Mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo spika haikuwa na kazi. Mwalimu alisoma kwa ile nusu ya sauti yake, na ili kuisikia ilibidi watu wanyamaze kwelikweli, mpaka wanaonyonyesha wakawaziba watoto wao midomo. Akaita jina la mtoto na jina la aliyemlea. Mwanzoni walioitwa hawakujua la kusema, wakajibu "Ndiyo," wakajibu "Yupo." Mzee yule aliyesema habari ya kuposwa mara tatu akawakumbusha: "Nimempokea! Semeni Nimempokea!" Wakasema. Baada ya kusema, kigelegele, pumzi moja, kisha kimya. Wengine pumzi zilikatika upesi wakaona aibu. Yule fundi wa namba tisa hakuwa na mwanamke wa kumpigia, yeye mwenyewe akapiga mbinja, vidole mdomoni, ndefu kabisa.

Ikafika kumi na nne. "Mbonea, wa mama yake Mbonea."

Bi Naghenjwa alikaza bega lake la kulia kungoja pigo. Halikuja. Mama Mbonea alikuwa amesimama, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kulisikia jina la mwanawe likisomwa na mwalimu bila kufuatwa na neno lingine lolote, si amefeli, si arudie, si mzazi afike ofisini. Limesomwa likaachwa limesimama peke yake. "Nimempokea," alisema, na sauti ilikuwa ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo. Kisha akavuta pumzi, akaiachia. Kigelegele kile kilipanda, kikapinda, kikaenda mpaka watu wakaanza kutazamana, kikaendelea. Kilipokata, kilikata. Wanawake wale tisa waliokuwa nyuma yake walikuwa tayari kumpokea, akawainulia mkono. Wakanyamaza.

"Nakiete, wa Naghenjwa."

Akalisikia. Lilikuwa zima, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu mwenye homa. Akasikia na kisigino cha kushoto kikiburuzwa kwenye changarawe, kikielekea mbele, kikisimama.

Hakujibu.

Watu walingoja. Alikuwa na neno lake tayari mdomoni, lakini alijua likishatoka hakuna kulirudisha. Alisikia mwewe juu. Alisikia sufuria ikigongwa mbali na mtu asiyejua kinachoendelea, kisha na huyo akanyamazishwa. Mwalimu Kiangi hakurudia jina. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyesema "Haya, Bibi." Watu wale wale waliokuwa hawawezi kungoja jina moja liishe, walimngoja mwanamke mmoja mpaka kivuli cha turubai kikaondoka kwenye magoti yake.

"Nimempokea," alisema Bi Naghenjwa. Kisha, kwa chini, mpaka aliyesikia ni jirani yake tu, "Basi aende."

Mama Mbonea akainama. "Nimpigie?"

"Mpigie. Mimi pumzi yangu imeishia hapo."

Akampigia.

Asubuhi yake lori la tangawizi lilishuka na Nakiete juu ya magunia. Bibi alisimama mlangoni akalisikiliza mpaka kona ya tatu, halafu akalisikiliza hata pale ambapo halisikiki. Alipogeuka kuingia ndani, mguu wake uligonga ndoo. Ilikuwa imejaa.

"Usidhani nimesahau ulichonisema," alisema kuelekea uani kwa jirani.

"Sijadhani," alijibu Mama Mbonea kutoka upande wa pili wa ua. "Kunywa maji yako."

Na kuanzia mahafali yale mpaka haya ya juzi, Mavombo haijashangilia kabla ya kuitikia. Mtoto huitwa, na aliyemlea hupewa kimya chote anachokihitaji, hata kikiwa kirefu, hata jua likiwa kali. Akishasema "Nimempokea," kigelegele ni cha pumzi moja, na pumzi ikikata watu hunyamaza. Ndiyo maana utakuta ukoo unamleta shangazi kutoka mbali sana kwa sababu ya mapafu yake tu, na shangazi huyo hakai karibu na moshi wiki nzima. Ndiyo maana pia chakula chetu cha mahafali huliwa kikiwa kimepoa, na wageni hurudi kwao wakisema watu wa Mavombo wanamaliza shule kama wanaozika.

Waache waseme. Vijana nao hutuuliza kila mwaka kwa nini tunapoteza muda, kwa nini tusiwaite watoto kwa mkupuo tukamaliza. Tumechoka kuwajibu. Kwenye benchi pale kuna mtu ambaye jina likishaitwa atarudi kwenye nyumba isiyo na mtoto. Huyo hahitaji ngoma. Anahitaji kungojewa kidogo, na sisi tunamngoja.